Konveta ya shotiwevu kwenye redio ya AM: shajara ya mradi

Siku ya 1

Nina redio ndogo ya AM ya zamani, ile ya sindano inayotembea kwenye kioo. Sauti yake nzito safi mpaka raha, tatizo inaanzia 530 inaishia 1600 kHz basi, shotiwevu haina kabisa. Najua zipo redio kibao zenye shotiwevu tayari ila mimi nimekazana ni hii hii ishike bendi za shotiwevu za mita 49 na mita 31, tena bila kuipasua. Kwa hiyo naijengea konveta, kiboksi cha kukaa kati ya antena na redio, kinachukua stesheni iliyoko juu kinaishusha mpaka pale redio inapoweza kuisikia.

Hesabu yake ni ya kutoa tu. Ukichanganya masafa mawili kwenye mikisa unapata jumla yao na tofauti yao. Stesheni ipo 5965 kHz, osileta yangu (saketi inayozalisha masafa yake yenyewe) inapiga 5000, tofauti ni 965, na 965 ipo kwenye kioo changu. Halafu utamu wa kristali ya 5 MHz (kidude kinachoishikilia osileta kwenye masafa yake) ni kwamba unasoma kioo, unaongeza 5000, umemaliza.

Nimechimbua kopo langu la spea nikapata kristali tatu. Moja ya 5.000 MHz. Ya pili 8.867238, hii ilitoka kwenye bodi ya TV ya mfumo wa PAL, ni mara mbili ya ile 4.433619 ya rangi. Ya tatu 11.0592, ya bodi ya maikrokontrola. Nimekaa na karatasi nusu saa: mita 49 ni kama 5900 hadi 6200 kHz, kwa kristali ya kwanza inaangukia 900 hadi 1200. Mita 31, yaani 9400 hadi 9900, kwa kristali ya TV inaangukia 533 hadi 1033. Mita 25, 11600 hadi 12100, kwa ile ya tatu inaangukia 541 hadi 1041. Zote tatu zimeingia ndani ya kioo kama vile mtu alizipima! Nimelala saa nane usiku.

Siku ya 2

Kazi nzito naiachia SA612, ndugu wa damu wa NE602 ile ya Signetics, aisii (chipu) ya miguu 8 ambayo ndani yake mna mikisa na osileta vyote viwili. Mguu wa 1 na 2 ni wa kuingilia, 3 eathi, 4 na 5 wa kutokea, 6 na 7 wa osileta, 8 umeme. Haitaki zaidi ya volti 8, na betri mpya ya volti 9 ukiipima inakupa 9 na ushee, so usithubutu kuiunga moja kwa moja. Nimeweka 78L06, regyuleta ya volti 6, katikati. Kichekesho ni kwamba regyuleta yenyewe inakula kama miliampea 3 wakati aisii inakula 2.4, yaani mlinzi anakula kuliko bosi, ila ndo hivyo.

Sijachora bodi. Nimechukua kipande cha bodi ya shaba tupu, shaba yote ndo eathi, aisii nimeigeuza miguu juu kama mende aliyekufa, vitu vinaunganishwa hewani. Sura mbaya mno lakini kwa masafa haya waya zinakuwa fupi na eathi ipo kila mahali, nakuhakikishia inashinda bodi nyingi nzuri.

Siku ya 3

Hamna kitu. Nimewasha, redio inakohoa ile kelele yake ya kawaida, nazungusha 900 mpaka 1200 hakuna hata mkwaruzo mpya.

Jambo la kwanza la kujua ni kama osileta inapiga, na mimi osiloskopu sina. Nikatengeneza kipimio cha dakika kumi: kapasita ndogo ya 10 pF, dayodi mbili za jemaniamu zile za kioo, kapasita nyingine ya 10 nF, halafu multimita kwenye milivolti. Ukigusisha pale osileta ilipo, mawimbi yanageuzwa kuwa umeme wa moja kwa moja na multimita inasoma. Nikagusa mguu wa 7. Sifuri. Nikabadilisha kristali, sifuri. Nikabadilisha aisii (ninazo tatu), sifuri bado, na hapo nikaanza kumlaani aliyeniuzia.

Kumbe mchawi ni mimi. Osileta hii inataka kapasita mbili za 100 pF, moja kati ya mguu wa 6 na 7, nyingine toka 7 kwenda eathi. Kapasita ya 100 pF imeandikwa 101. Mimi nimechomea mbili zilizoandikwa 104, yaani 100 nF, mara elfu moja zaidi! Ni vile vidude vidogo vya rangi ya udongo, maandishi yanasomeka kwa kuvigeuzageuza kwenye mwanga, na mimi jana usiku niliona "10" nikaridhika. Nimezitoa nikaweka 101, nikagusa tena mguu wa 7, multimita ikaruka toka sifuri hadi milivolti themanini na kitu. Samahani muuzaji.

Nimefunga waya wa mita kama nane dirishani, ukapitia kapasita ukaingia mguu wa 1 bila kichujio chochote, na toka mguu wa 4 waya mwingine, kapasita katikati, nikauzungushia redio mizunguko kadhaa juu ya ganda. Mchana huu bado kimya. Nikakata tamaa kidogo halafu nikakumbuka kwamba mita 49 ni bendi ya usiku, mchana tabaka la chini la ionosfia, ile anga ya juu inayorudisha mawimbi ya redio, linaimeza. Saa mbili usiku nikarudi.

Aisee. Kioo chote kimejaa. Kwenye 940 mtu anasoma habari kwa lugha nisiyoijua, mbele kidogo muziki wa filimbi, mbele yake watu wawili wanaongea kwa wakati mmoja mmoja juu ya mwenzake, halafu kuna mlio kama mashine ya kushonea. Fujo tupu lakini ni fujo yangu mwenyewe.

Siku ya 5

Fujo ile ina sababu. Osileta ikiwa 5000 na redio ikiwa 1000, mikisa inaleta 6000 ndiyo, lakini inaleta pia 4000, kwa sababu 5000 kutoa 4000 nayo ni 1000. Yenyewe haijui ipi unaitaka. Kwenye mita 31 hali ni mbaya zaidi, ukiwa unasikiliza 9600 picha yake, yaani ile ya pili usiyoitaka, ipo 8134 hivi, chini ya megahezi moja na nusu tu. Lazima mlangoni kuwe na koili na kapasita zinazochagua.

Nimesuka koili kwenye kiringi chekundu cha T50-2, mizunguko 28. Kwa kiringi hicho unapata kama mikrohenri 3.8. Nikaifunga na kapasita ya kuzungusha ya 270 pF iliyotoka kwenye redio mbovu, ikanipa toka karibu 4.85 hadi 14 MHz na kitu, yaani bendi zangu zote tatu kwa nobu moja bila swichi. Juu ya koili hiyo nimesuka mizunguko 3 ya antena na 6 ya kwenda mguu wa 1 na 2. Angalizo kwa anayesuka mara ya kwanza: kila waya ukipita ndani ya tundu ni mzunguko mmoja, hata ule wa kwanza kabisa ulionyooka. Mimi nilisuka nikidhani ni 28 kumbe 29, nikafumua.

Tofauti ni kama usiku na mchana. Ukizungusha nobu taratibu kuna sehemu kelele inavimba ghafla, upana wa ukucha tu, hapo ndo upo. Ukipita inazima. Mashine ya kushonea imepotea, kumbe ilikuwa inaishi kule chini.

Siku ya 8

Sasa nimekutana na adui wa kweli. Kwenye 981 nasikia stesheni yenye nguvu na chini yake kuna mtu mwingine anaongea. Nikadhani ni stesheni mbili za shotiwevu. Nikazima konveta. Yule wa juu akapotea, yule wa chini akaendelea kuongea kwa raha zake.

Yaani huyo ni stesheni ya kawaida ya AM, haipiti kwenye konveta hata kidogo, inaingia moja kwa moja kwenye ile fimbo ya feraiti ndani ya redio. Na fimbo hiyo ndo antena, ndo kazi yake, huwezi kuilaumu. Mchana kero ni ndogo, usiku stesheni za AM za mbali zinafika nazo na kila nafasi tupu kwenye kioo inapata mpangaji. Konveta yenyewe ilikubali siku ya tatu, na kuanzia leo kazi ni kuziba njia za panya.

Dawa ni bati. Nimepata kopo kubwa la mstatili lenye mfuniko, redio inaingia yote na nafasi inabaki. Nimetoboa tundu la nobu ya kutuni, nimechonga kijidirisha cha kuonea sindano. Redio ndani, waya wa konveta nao umeingia ndani na kuzungushwa mara 8 usawa wa mwisho wa fimbo.

Matokeo: stesheni za AM zimepungua kidogo tu. Kidogo tu! Na shotiwevu nazo zimepungua. Nimekaa naliangalia kopo kama limenitukana.

Siku ya 9

Mambo matatu, nayaandika kwa urefu kwa sababu yamenila siku nzima.

Kwanza, rangi. Kopo limepakwa rangi nje na ndani kuna ule utandu wa kung'aa. Mfuniko unaonekana umefunga lakini kwa umeme haujagusa kitu, multimita ikaniambia hakuna muunganiko kabisa kati ya mfuniko na kopo. Kopo lenye mfuniko usiogusa ni kopo lenye ufa pande zote nne. Nikachukua msasa nikakwangua ukingo wote wa kopo na ukingo wote wa ndani wa mfuniko mpaka bati ikawa nyeupe, nikafunga tena. Stesheni ya AM iliyokuwa inapiga kelele ikawa mnong'ono. Msasa tu, sikuongeza hata kitu kimoja!

Pili, waya wa hedifoni. Spika ikiwa ndani ya bati sauti inakuwa ya kisimani kwa hiyo nilikuwa natumia hedifoni, waya wake unatokea kwenye katundu. Waya wa mita moja unaotoka ndani ya kopo kwenda nje ni antena kamili, unachukua AM nje unaipeleka ndani pembeni kabisa ya fimbo. Ukiushika kwa mkono stesheni inabadilika nguvu, hapo ndo nilipoikamata. Nimeuzungusha mara saba kwenye kiringi kikubwa cha feraiti ndani ya kopo pale unapotokea, na kapasita za 10 nF toka kila waya kwenda kwenye bati hapo hapo tundu lilipo. Mnong'ono umeisha.

Tatu, fimbo kuwa karibu mno na bati. Bati pembeni ya feraiti inafanya kama koili iliyofungwa mzunguko mmoja, inanyonya nguvu na kuvuruga kutuni ya redio, ndo maana shotiwevu nazo zilipungua. Nimeinua redio kwa vipande vya sponji mpaka fimbo ikawa mbali na bati kama sentimita nne kila upande. Nguvu ikarudi.

Siku ya 11

Bado AM moja yenye nguvu inapenya, safari hii inapotea nikichomoa antena, maana yake inaingia mlangoni kupitia antena yenyewe na kuipita mikisa bila kubadilishwa. Nimeweka kichujio kabla ya koili: 1 nF, halafu koili ya mizunguko 16 kwenye T50-2 kwenda eathi, halafu 1 nF nyingine. Kinaacha kupita kuanzia kama 3 MHz kwenda juu na kuzuia chini. Dakika ishirini, imekwisha. Mbona vitu vingine haviwi hivi.

Siku ya 15

Mluzi. Kwenye 1060, yaani 6060 kHz, kuna mluzi mkali juu ya stesheni. Mwanzo nikasema ni stesheni mbili zimegongana, shotiwevu hayo ni ya kila siku. Lakini stesheni mbili zikigongana mluzi wake haubadiliki sauti ukisogeza sindano, kwa sababu tofauti kati yao ipo hewani huko haijui wewe unafanya nini. Huu wangu ukisogeza sindano unywele mmoja unapanda toka besi mpaka filimbi. Maana yake mmoja kati ya hao wanaogongana anatoka humu ndani.

Nikashika kalamu. Redio yangu nayo ina osileta yake, inakaa 455 kHz juu ya pale sindano ilipo. Sindano ikiwa 1060 osileta ya redio ipo 1515. Osileta hazitoi masafa safi, zinatoa na mara mbili yake, mara tatu, mara nne. 1515 mara nne ni 6060! Inavuja toka redioni, inaingia kwenye konveta, konveta inaitoa 5000, inatoka 1060, inarudi redioni. Redio inajisikiliza yenyewe. Na inaeleza kwa nini mluzi unakimbia hivyo: ukisogeza sindano 1 kHz ile mara nne inasogea 4.

Nilicheka peke yangu, nikakasirika, nikacheka tena.

Kubadilisha kristali hakusaidii, nimefanya hesabu na 4.9152 mluzi unahamia tu karibu na 5947. Kinachosaidia ni kuzuia ile 6060 isitoke redioni kwenda konveta. Konveta nimeihamishia kwenye kikopo chake kidogo pembeni, kingo zimekwanguliwa tayari maana somo limeingia, na kati yao koeksi fupi ambayo wavu wake umechomewa kwenye bati pande zote mbili. Halafu mguu wa 4 nimeongeza 47 pF kwenda eathi. Pale ndani kuna rezista ya kama kilo-omu 1.5, kwa hiyo 47 pF inaacha 1 MHz ipite na kuanza kuikaba 6 MHz. Mluzi umeshuka sana. Stesheni ikiwepo 6060 mluzi huusikii, ikifunga matangazo ndo unausikia kwa mbali kama mbu wa chumba cha pili. Nimeamua kuishi naye.

Siku ya 18

Kujaribu tu, nilichomoa redio ya sindano nikaweka ya kidijitali, ile ya namba. Usijisumbue. Inaruka 9 kHz kwa hatua, stesheni za shotiwevu zimepangwa kila 5, kwa hiyo unaangukia pembeni ya karibu kila mtu na sauti inakuja imepinda. Ukiibadili iruke 10 unapata nusu ya stesheni na kristali ya 5.000, zile zinazoishia na 5 zote unazikosa. Mzee wa sindano amerudi kwenye kiti chake.

Siku ya 20

Nilitaka swichi ya kuchagua kristali tatu. Nimeifunga usoni mwa kopo, waya za sentimita kumi hadi kwenye aisii. Ya 5 inapiga, ya 8.867 inapiga kwa kusuasua, ya 11.0592 imegoma kabisa. Waya zile ndefu ni kapasita za bure ambazo sikuziomba. Nimeng'oa swichi, nimeweka kisoketi cha matundu mawili kando kabisa ya mguu wa 6, kristali nachomeka na kuchomoa kwa mkono kama betri ya rimoti. Na toka mguu wa 7 kwenda eathi nimeongeza rezista ya 22k ili osileta ipate mkondo zaidi wa kuanzia. Zote tatu sasa zinaamka hapo hapo.

Hesabu ya kristali ya TV siyo rafiki lakini. 9500 inakuwa 632.8, nani anaweza hiyo kichwani usiku. Nimeandika jedwali kwa kalamu nikalibandika kwenye mfuniko, kila 50 kHz, safu tatu.

Siku ya 24

Nilitaka kuhakikisha jedwali halidanganyi. Stesheni za kutangaza saa zinatuma kwenye 10,000 kHz kamili, WWV ya Fort Collins kule Marekani na BPM ya China ni kati yao, na 10,000 kutoa 8867.2 ni 1132.8. Kristali ya TV kwenye soketi, nobu ya mlangoni nimeisogeza mpaka kelele ikavimba, sindano kati ya 1130 na 1135 nikiisukuma kwa kidole badala ya kuizungusha.

Ti. Ti. Ti. Dhaifu, inazama na kuibuka, lakini kila sekunde ipo. Nikasubiri ule mlio mrefu wa mwanzo wa dakika huku nimekodolea macho saa ya ukutani. Saa ya ukutani ipo nyuma sekunde 40.